Vifungo Viwe Mbele

Mama mpendwa, mzaa baba wa mapacha,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Tangu ile Jumapili ya kabla ya kupanda hadi leo, mahindi yameshavunwa na mabua yamelishwa ng'ombe, sijakanyaga kwako wala sijakutumia neno. Nasikia unasema hapo nyumbani kwamba mke wa mwanao amesahau njia. Sijasahau, Mama. Kutoka Malaba hadi Chakol si mwendo wa mtu kupotea. Nilikaa kimya kwa sababu kile ulichoniambia siku ile nilikiamini, na kila nilipochukua kalamu niliona sina cha kukujibu. Sasa ninacho.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako hushikwa na kila mtu, halafu mimi nikisikia sauti yako nalegea. Naanza "ndiyo Mama, sawa Mama," mpaka salio linaisha na sijasema lililonifanya nipige. Karatasi hainitishi. Najua katekista ndiye atakusomea. Namwomba asome yote, asiruke pale atakapoona ni pachungu, na akimaliza arudie.

Yoga, Mama, nakusalimu kwa Kiteso chenu. Habari ya miguu yako? Habari ya Adongo?

Nianze na mazuri, maana yapo, na mimi si mtu wa kusahau wema.

Siku ile ulipoingia wodi ya wazazi na beseni la bluu kichwani, mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mtoto mmoja. Sweta moja, kofia moja, shali moja. Apio alikuwa ameshavalishwa vyote, amependeza, na mwenzake amefungwa kitambaa cha hospitali ambacho nesi alisema nikitoka nikiache. Uliwatazama wote wawili, ukatua beseni. Ukafungua leso yako kiunoni, ile ya maua ya rangi ya machungwa, ukaishika pindo kwa meno na kuichana katikati, nusu kwa nusu, wanawake wa vitanda vingine wakitazama. Kisha ukamvua Apio sweta.

Nikakuambia, "Mama, si atashikwa na baridi?"

"Avae leso kama mwenzake," ukasema. "Hawa wameingia kwenye nyumba pamoja. Hakuna wa kuvaa na wa kutazama."

Nilicheka mpaka mshono ukauma. Wewe hukucheka. Ulikuwa unawafunga, huyu hivi na huyu hivi, mafundo sawa, hata ncha za leso ulizipima kwa kidole.

Ulikaa nasi Malaba miezi miwili kwenye kile chumba kimoja. Ulinipikia uji wa wimbi mzito hata kijiko kikasimama. Ulinifundisha kubeba mmoja mgongoni na mwingine kifuani na bado nikachota maji. Mimi mtu wa Matayos, ambaye kwetu sikuwahi kuona mapacha ila kwa jirani, ulinifundisha sheria zao bila kunicheka: ukimnyonyesha mmoja mnyonyeshe wa pili hata kama amelala, usimsifu mmoja peke yake mbele ya watu, na ukimnunulia mmoja nguo, mnunulie mwenzake ile ile, la sivyo aliyekosa ataugua. Hiyo ya mwisho nimeishika kuliko amri nyingine nilizofundishwa kanisani. Hilo hata wewe huwezi kukana.

Nakumbuka pia siku uliyomchukua. Sijawahi kuisimulia kwa mtu.

Walikuwa na miezi kumi. Malaria ilikuwa imenishika mara ya pili. Mwanao alikuwa na lori la mchanga huko Budalang'i na kurudi ni mwisho wa mwezi. Ulipofungua mlango ulinikuta nimelala sakafuni, Apio yuko kwenye titi lisilo na kitu na Adongo anatafuna kipande cha sabuni. Hukunigombeza. Uliitoa sabuni mdomoni kwa kidole, ukawasha jiko, na tulipokwisha kunywa chai ukasema, "Nipe mmoja nikupumzishe. Akianza kutembea nitakurudishia."

Hukuchagua, Mama. Hilo nakupa. Nilichagua mimi. Na nitakuambia nilivyochagua.

Boda ilikuwa nje inanguruma, umeshapatana nayo bei, unasema jua litawakuta njiani. Nikaanza kuwavalisha wote wawili ndipo niamue. Adongo alinyoosha mikono. Nikamvalisha sweta, nikamvalisha soksi, akakaa ukutani kama mgeni anayengojea chai. Apio akakataa. Hata wakati huo alikuwa anakataa. Nikiingiza mkono mmoja anatoa mwingine, anajikaza mgongo kama ubao, ameivua kofia mara tatu. Boda akapiga honi. Ukasema, "Basi, kama ni huyu ni huyu, tusichelewe." Nikakupa yule aliyekuwa ameshavaa.

Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Nilimtoa mtoto wangu nyumbani kwa kosa la kukubali kuvalishwa. Nikimwona mtoto yeyote mtiifu hapa sokoni ananyoosha mikono apewe nguo, naangalia pembeni.

Akianza kutembea, ulisema. Alianza kutembea kabla ya Apio, wewe mwenyewe ulinitumia habari. Nikapiga simu. Ukaniambia ngoja mvua iishe, barabara ni mbaya. Mvua ikaisha. Ukasema ngoja wimbi ivunwe, kuna uji wa kumjaza mwili. Wimbi ikavunwa. Ukasema ngoja hiki kikohozi. Kikohozi kikaisha, kikaja kingine. Kila nilipokuja, Krismasi, Pasaka, Jumapili mojamoja nilizoiba sokoni, nilikuta una sababu mpya. Nami nilikuwa naleta mfuko. Nikiweka mfuko chini naona kama nimelipa kitu, narudi na roho nyepesi. Upumbavu wangu huo.

Unajua ninavyouza mitumba ya watoto. Siku za kufungua belo, yale mafurushi makubwa ya nguo, naenda Busia asubuhi, tunazunguka ile nguo ikimwagwa kama kuku wamemwagiwa mahindi, kila mtu anatafuta kamera yake, yaani zile safi za kwanza. Wenzangu wanatafuta rinda moja zuri. Mimi natafuta marinda mawili yanayofanana. Mama, kwenye belo hakuna pacha. Nimeinua kila rundo. Kuna mama mmoja wa upande wa Uganda, ananiita Nalongo kwa sababu ya mapacha, huyo hunicheka kila wiki.

"Nalongo, bado unatafuta? Mwenzake alibaki Ulaya."

"Niache nitafute."

"Tafuta tu. Lakini hawa Wazungu naona huzaa mmojammoja, wanamvalisha, wanatupa." Kisha anawatupia wengine jicho, "Na yeye kila siku tunaona mtoto mmoja mgongoni. Nalongo wa mmoja."

Wanacheka, nami nacheka nao, maana ukinuna sokoni umeshauza uso wako. Lakini ndivyo nilivyofika kwa fundi. Nilivuka kwenda upande wa Uganda nikanunua kitenge, nikarudi kwa yule mzee mwenye cherehani karibu na stendi ya Malaba, nikamwambia kata mawili, kipimo kimoja. Akasema wa pili yuko wapi nimpime. Nikasema pima huyu mara mbili.

Na nilimwambia vifungo viwe mgongoni. Kumbuka hapo, Mama, tutarudi. Apio alikuwa na tabia ya kung'oa kifungo kwa meno na kukimeza. Nikaogopa. Kila nguo niliyonunua au kushonesha tangu hapo, ya Apio na ya Adongo, ilifungwa nyuma. Mara saba nimekukunjia nguo ya Adongo, nikaiweka kwenye mfuko na kukuletea au kumpa mwanao akuletee. Na mara saba nilikuwa nikimvalisha Apio ya kwake hapa siku hiyo hiyo, nikifunga kifungo na kusema moyoni, sasa na yule anafungwa.

Ndipo ikafika ile Jumapili.

Nilikuja na rinda la saba, la kitenge cha bluu chenye ndege. Nilikuja pia na neno. Nilikuwa nimeshaongea na mama jirani awe ananishikia wote wawili nikienda Busia, nimenunua godoro pana, nimeacha kazi ya jioni. Nilikuja kumchukua. Wewe ulikuwa na wageni, wanawake wa jumuiya, mmekaa uani. Adongo akatoka nyuma ya jiko amevaa fulana ya mwanao, ile ya kijani ya zamani, inafagia vumbi, shingo imeangukia begani. Hakuwa na kitu kingine. Alikuwa ananata muwa mikononi na amenenepa, na alikuwa mzuri mpaka nikasahau salamu. Akakukimbilia wewe. Akakuita toto. Hata mimi mgeni wa Kiteso najua toto ni mama.

Ukamuuliza, "Huyu ni nani?"

Akatazama mikono yangu. Hakutazama uso. Akasema neno la Kiteso, wageni wako wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi. Nikamuuliza wifi amesema nini. Wifi hakutaka. Nikamshika mkono, akanong'ona: "Amesema ni yule wa mfuko."

Sawa. Nikafungua mfuko. Nikamvua fulana, kwanza akakubali, akidhani tunacheza. Nikapitisha rinda kichwani, nikamgeuza ili nifunge mgongoni, hapo ndipo alipopiga yowe. Ulimsikia. Kuku waliruka. Akajitupa chini, akalivua akiwa amelala, akalikanyaga, akaenda kuichukua fulana na kujifunika nayo uso kama mtu aliyefiwa. Mimi nimepiga magoti hapo na rinda mkononi.

Wewe hukuinuka. Ulisema polepole, na ukasema kwa Kiswahili ili nisikose hata neno:

"Unaona mwenyewe. Mimi sikutaka kukuambia. Zako zote anakataa. Mtoto amekukataa."

Halafu ukamtuma wifi alete lile sanduku la bati. Ukalifungua mbele ya wanawake wale. Nguo sita, Mama, zimekunjwa vile vile nilivyozikunja mimi, mikono ndani, pindo juu. Hata karatasi niliyofungia ile ya njano ilikuwa bado. Mwaka na zaidi nimekuwa nikifunga vifungo hapa Malaba nikijua na yule anafungwa, kumbe navalisha sanduku.

Mmoja wa wageni wako akasema, "Pole mama. Mtoto ni wa aliyemlea." Na wewe ukanyamaza. Ungeweza kusema kitu hapo.

Sikusema lile neno nililokuja nalo. Ningelisema kwa mdomo gani? Niliacha rinda juu ya sanduku, nikapiga magoti nikaaga, ukanipa jogoo na mkungu wa ndizi, ukanisindikiza hadi barabarani ukinishika mkono kama mtu anayenipenda. Nilikuja kuchukua mtoto, nikarudi na jogoo. Jirani zangu walimla wakamsifu.

Hiyo ndiyo miezi niliyokaa kimya. Nilikuwa nimekubali. Nilijiambia ni haki, nilimtoa nikampa mtu, yeye naye amenitoa. Mwanao aliporudi nikamwambia yote. Akavua viatu, akatazama viatu.

"Mama amezeeka," akasema. "Usimvunje moyo."

"Na wangu?"

"Wako bado ni mchanga. Utapona."

Nilimtengea ugali. Yeye hufika kwenu, hupokewa vizuri na wewe na Adongo, hunywa pombe ya ajono na wazee wake, kisha hupanda lori.

Sasa nikueleze habari za Apio, na usikilize vizuri hapa, katekista asome taratibu.

Apio ana miaka miwili na nusu na zaidi kidogo, kama mwenzake, na hakuna mtu mgumu kuvalisha kama huyo kuanzia hapa hadi Kampala. Anataka gambuti jua likiwaka na kandambili mvua ikinyesha. Ana kofia ya sufu aliyoitoa mwenyewe kwenye rundo langu la mauzo. Haivuliwi wala haioshwi bila vita. Sweta haivai mwilini, anaivaa kichwani mikono ikining'inia, anasema ni nywele. Suruali ya ndani ni matusi kwake. Kila asubuhi nikimkimbiza na nguo, mama jirani anauliza ukutani, "Mama Mapacha, huyo unamvalisha ama unamchinja?" Namjibu nikimaliza nitakuletea kipande.

Lakini nguo ngumu kuliko zote zilikuwa ni hizo saba. Huwa analia nikizivalisha. Siku zote amelia, Mama. Sikuwahi kukuambia kwa sababu sikuona ni habari. Nilidhani watoto wote hulia wakivalishwa. Tofauti ni kwamba mimi nina nguvu na nina haraka. Belo hainingojei. Ninambana kati ya magoti, ninafunga vifungo vyote sita huku anapiga mateke, namfuta makamasi, twende. Wewe hukumbana Adongo. Alikataa, ukakunja nguo, ukampa fulana. Hapo umenishinda, nakubali, na nimejifunza.

Wiki mbili zilizopita, asubuhi ya belo, nilikuwa nimechelewa. Nikatoa rinda la ndege. Akaanza. Nikambana, akaniuma mkono, nikamchapa kofi la paja. Akaacha kupiga mateke, akanitazama kwa mshangao, si kwa hasira. Nikaiacha nguo ikaanguka. Nikakaa sakafuni pale pale ulipowahi kunikuta, nikalia kwa sauti, nikamwambia Apio kama naongea na mtu mzima, haya, na wewe nikatae. Vaa fulana. Nenda Chakol.

Yeye akaliokota rinda. Akalitandaza chini, akaligeuza, akaligeuza tena, ulimi nje. Akaingiza kichwa, akatafuta mikono mpaka akaipata. Likakaa nyuma mbele, mgongo wa rinda uko kifuani, tumbo limetokeza kati ya vifungo. Akanijia, akasimama katikati ya miguu yangu, akanisogezea tumbo.

"Funga," akasema.

Nikafunga cha kwanza. Aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, akatazama kile kifungo kikiingia kwenye tundu. "Hii," akasema. Nikafunga cha pili. "Na hii." Vyote sita alivitazama vikiingia kimoja kimoja, nilipomaliza akavigusa vyote kwa kidole, akatoka nje kuwaonyesha majirani. Hakulia. Siku nzima hakulivua. Niliporudi kutoka Busia alikuwa amelala nalo, ameshika kifungo cha katikati.

Nilitoa zile nyingine moja moja siku zilizofuata. Ya njano, nyuma mbele, akavaa. Ile yenye kola, nyuma mbele, akavaa. Hataki kitu kinachotendeka mgongoni kwake asikokuona. Hataki kugeuzwa ukutani na mtu amshike nyuma. Ni hivyo tu, Mama. Ni vifungo. Kwa hofu yangu kwamba Apio atavimeza, nilivipeleka mahali ambapo watoto wangu wawili hawakuvitaka, huyu Malaba na yule Chakol, hawajaonana tangu Krismasi na wamekataa kitu kimoja kwa sababu moja.

Basi uniambie. Apio analala kwenye mkono wangu kila siku. Apio ananiita mama mpaka masikio yanachoka. Naye amezikataa zile zile saba. Je, na yeye amenikataa?

Usiniambie tena mtoto amenikataa. Adongo alikataa kugeuzwa. Wewe umelea watoto sita na wajukuu siwahesabu, na mtoto anayekataa nguo umemwona kabla mimi sijazaliwa. Ulijua ni nguo. Kama hukujua siku ya kwanza, ulijua siku ya sita. Lakini ulizikunja ukaziweka sandukuni ukangoja siku yenye wageni. Hilo ndilo lililonichoma, si yowe la mtoto. Mtoto hana neno.

Sisemi hukumpenda. Amenenepa, ana meno mazuri, anakimbia kwako akianguka. Najua pia nyumba yako ilivyokuwa kabla yake, tangu baba mkwe aende, ulivyokuwa unapika sufuria ile ile kubwa na kumwaga. Najua itanyamaza tena. Silifurahii hilo. Lakini Mama, ni wewe uliyesema hakuna wa kuvaa na wa kutazama. Leso ulichana sawa kwa sawa na kila nusu ikafunika mtoto. Watoto wenyewe tumewachana, mimi na wewe, na hakuna aliyefunikwa. Apio hapa akipewa biskuti anasema "na ingine." Anashika moja, anangoja nyingine, haili. Mimi ndimi niliyemfundisha kwamba kila kitu ni viwili, na cha pili hukiona kikiingia mfukoni kwenda asikokujua.

Mwanao atapita Chakol Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu akitoka na mchanga. Nimemwambia, na safari hii alinitazama mimi, hakutazama viatu. Umpe mtoto. Kama lori halitapita, au kutakuwa na mvua, au kikohozi, basi Jumapili yake nitakuja mwenyewe baada ya misa, na wageni wakiwepo ni sawa, hata ni vizuri. Utanisamehe kwa sababu nitakuja mikono mitupu. Najua si heshima mke wa mtu kuingia kwa mama mkwe bila mfuko. Lakini nataka Adongo atazame uso wangu, na mikono nitaihitaji.

Likizo watakuja kwako, wote wawili kwa pamoja, kama sheria yako inavyosema. Na wewe pia, godoro ni pana, karibu Malaba wakati wowote. Sitafunga mlango ambao wewe uliwahi kuufungua ukanikuta sakafuni.

Kabla ya siku hiyo nakuomba jambo moja. Chukua rinda la ndege, lifue kama lilichafuka, umpe Adongo alishike mwenyewe. Usimgeuze. Mwache aingie nyuma mbele, kisha umfunge akitazama. Utaona. Na ukishaona, waambie wale wanawake.

Ninavyohitaji unitumie ni hivi. Kitabu chake cha kliniki, kile chenye jalada lililochanika, kwa ajili ya chanjo. Zile nguo sita za sandukuni, hata kama nyingine zimekuwa ndogo, fundi ataongeza pindo. Ile fulana ya kijani, tafadhali, maana bila hiyo hatalala siku za kwanza, na usiifue, iwe na harufu ya kwako. Nusu ya leso ya maua ya machungwa kama bado ipo. Nusu ya Apio ninayo. Maneno ya Kiteso anayoyasema akitaka maji, akiumwa tumbo, na akitaka kubebwa. Mwambie katekista aniandikie kwenye karatasi, nisije nikamwacha analia kwa kutojua. Na Adongo, amevaa anachotaka yeye, vifungo viwe mbele.

Ni mimi mke wa mwanao,
Mama Apio na Adongo.